Chapo ni ya Juzi Tu: Nafaka za Shosho na Ugonjwa wa Sistangu

Mnajua mvua za Oktoba zinaitwaje kwa Kikuyu? Mbura ya mwere, yaani mvua ya mawele. Zile za Machi ni mbura ya njahi. Sasa niambie, mara ya mwisho kuona shamba la mawele kati ya Ruiru na Thika ilikuwa lini? Mimi nakaa Kimbo, napanda matatu ya Thika karibu kila siku, na ninachoona ni fleti, kahawa iliyobakia na mabango ya ploti. Mvua bado ina jina la nafaka ambayo wengi wa rika langu wakiwekewa mkononi watauliza kama ni chakula cha ndege.

Sikuanza kufuatilia haya mambo kwa kupenda historia. Niliacha yunivasiti mwaka wa pili, na hata huko sikuwa nasoma historia. Nilianza kwa sababu ya sistangu mdogo.

Miaka miwili mtoto alikuwa anaumwa tumbo, anaharisha, anakonda, damu iko chini. Tuliambiwa ni taifodi. Tukaambiwa ni amiba. Tukaambiwa ni vidonda vya tumbo. Kuna mtu hata alimwambia mathe achunguze kama msichana anajinyima chakula ili awe na shepu. Mathe alilia usiku huo. Mwishowe daktari mmoja akaagiza kipimo cha damu cha seliaki, halafu wakaingiza kamera mdomoni hadi kwenye utumbo wakakata kipande kidogo cha kupima. Ndiyo hiyo.

Seliaki si aleji. Mtu akila gluteni, ile protini iliyo kwenye ngano, shayiri na rai, kinga yake mwenyewe inashambulia ukuta wa utumbo, na utumbo ukishaharibika hata chakula kizuri kinapita bila kufaidi mwili. Hakuna dawa. Unaacha gluteni, maisha yote. Kwa hivyo kwaheri chapo, mandazi, mkate, tambi, keki ya bethdei. Msichana wa miaka 16, Kenya hii, bila chapo. Fikiria Krismasi.

Tukaenda supamaketi tukaonyeshwa rafu ya watu wa gluteni. Pakiti ndogo ya unga, bei yake ni nauli yangu ya wiki nzima. Nikageuza nyuma nisome imetengenezwa na nini. Mtama. Yaani mtama umepanda ndege kuja Kenya.

Hapo ndipo nilikasirika na kuanza kusoma. Mtama ni wetu wa kitambo sana: mashariki mwa Sudan wamechimbua mabaki ya mtama uliolimwa karibu miaka 5,000 iliyopita. Wimbi nao ulianza kulimwa kwenye nyanda za juu kati ya Uganda na Ethiopia. Kwa hivyo kile kinachouzwa kama chakula maalum cha wagonjwa ni uji wa nyanyake nyanya yako, na hakuna hata kimoja chenye gluteni: si mtama, si wimbi, si mawele, si mbegu za mchicha.

Wazungu wenyewe walichelewa kujua. Daktari Samuel Gee aliueleza ugonjwa huu London mwaka wa 1888, akasema dawa iko kwenye chakula, lakini chakula gani hakujua. Miaka ya 1920 huko New York, watoto wagonjwa walikuwa wanalishwa ndizi, na walipata nafuu, kwa hivyo watu wakadhani ndizi ni dawa. Kumbe ni kwa sababu hawakuwa wanapewa mkate! Aliyefumbua hilo ni Willem Dicke, daktari wa watoto Uholanzi. Alikuwa anashuku ngano tangu miaka ya 1930. Halafu kwenye njaa ya vita, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate uliadimika, na watoto wake wa seliaki wakapata nafuu wakati nchi nzima inakonda. Mkate uliporudi, wakarudi kuugua. Aliandika tasnifu yake mwaka wa 1950.

Na kabla hujaniambia ni ugonjwa wa wazungu: mwaka wa 1999 watafiti waliripoti kwamba asilimia 5.6 ya watoto wa Sahara Magharibi waliowapima walikuwa nao. Hao ni Waafrika.

Sasa turudi kwetu. Tulihamaje kutoka mwere hadi chapo?

Shosho yangu, mama ya baba, anakaa Gatuanyaga nje ya Thika. Ananiita mume wake kwa sababu nina jina la guka. Alizaliwa upande wa Gatundu mwaka wa 1944. Nilimuuliza, "Shosho, kwa nini mliacha mwere?" Nilitarajia alaumu mkoloni. Akacheka. "Mume wangu, wewe umewahi kufukuza ndege mwezi mzima?"

Kumbe kazi ya watoto ilikuwa kukaa shambani tangu alfajiri kurusha mawe na kupiga debe, kwa sababu ndege wakishuka kwenye mawele hakibaki kitu. Mahindi yamejifunika kwa maganda, ndege hana haraka nayo. Watoto walipoanza kwenda shule, nani angefukuza? Na nafaka ndogo ni kazi kuipura, kuipepeta, kuisaga kwa jiwe. Kazi hiyo yote ilikuwa ya wanawake. Shosho hana hamu nayo hata kidogo, na sitamwambia awe nayo.

Lakini mkoloni naye yumo. Chukua neno posho. Maana yake ni chakula anachogawiwa mfanyakazi. Kwenye mashamba ya walowezi, na Ruiru na Thika zilijaa kahawa na mkonge, mgao huo ulikuwa unga wa mahindi, kwa kawaida kama ratili mbili kwa siku. Mahindi yalikuwa rahisi kulimwa kwa wingi na kusafirishwa. Reli ilifika Thika mwaka wa 1913. Mpaka leo unasaga unga kwenye posho mili, mashine ya mgao. Wakati wa Vita vya Kwanza, wapagazi wa Kariakor walilishwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusu, na wengi walikufa kwa magonjwa ya tumbo. Baadaye ikaja Hali ya Hatari ya 1952, Shosho akahamishwa na kufungiwa kijijini akiwa na miaka kumi, na walipopimiwa mashamba upya, kahawa ikapandwa.

Ngano ilikuja na njia yake. Delamere aliilima Njoro, ikaliwa na kutu, akajaribu tena, na mwaka wa 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Mkate ulikuwa wa walowezi na wa watu wa tauni. Chapati tulifunzwa na Wahindi na watu wa Pwani. Shosho anasema chapo yake ya kwanza aliila akiwa ameshaolewa. Leo ngano nyingi tunayokula inatoka nje ya nchi, ndiyo maana vita vya Ukraine vya 2022 vilipandisha bei ya mkate hapa Kimbo.

Sistangu sasa anakula nini? Ugali wa mtama na wimbi, uji wa wimbi, nduma, mihogo, njahi, wali. Wimbi una kalsiamu zaidi ya mara kumi ya mahindi, na mbegu za mchicha zina madini ya chuma na protini nzuri, vitu ambavyo utumbo wake ulikuwa unavipoteza. Mahindi pia hayana gluteni, ni vile tu hayatoshi peke yake.

Shida ilikuwa posho mili. Wiki za kwanza aliendelea kuugua na hatukuelewa, hadi tukagundua mashine ile ile inasaga ngano asubuhi na wimbi wetu mchana. Unga wa mchanganyiko wa uji nao, wengine wanatia ngano. Uliza kabla ya kununua. Siku hizi tunanunua nafaka nzima sokoni Thika, tunachagua, tunaosha, na tumejichanga tukanunua kimashine kidogo cha nyumbani.

Na wewe unayesoma hii ukihisi ni wewe, usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiacha mapema, kipimo kinaweza kusema huna kitu.

Oktoba iliyopita Shosho alipanda mistari minne ya mwere nyuma ya nyumba, ya sistangu. Ilipotoa masuke ndege wakafika. Alinipigia simu Ijumaa usiku akasema, "Mume wangu, beba debe, zamu yako ni kesho."