Mamlaka ya mabaraza ya ardhi yalipohama, gharama nazo zilihama

HADI mwaka 2021, mkazi wa Madale au Salasala aliyegombana na jirani yake kuhusu mpaka wa kiwanja alikuwa na mahali pa kuanzia na, mara nyingine, pa kumalizia: Baraza la Kata ya Wazo. Wakili hakuruhusiwa kumsemea humo. Alijieleza mwenyewe mbele ya wajumbe ambao nao ni wakazi wa kata hiyo.

Mwaka huo Bunge lilirekebisha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, na mabaraza ya kata kote Tanzania Bara yakapoteza uwezo wa kutoa uamuzi katika migogoro ya ardhi. Yalibakiwa na kazi moja, usuluhishi, nayo yalipewa siku 30 kuikamilisha.

Usuluhishi ukishindikana, baraza hutoa hati ya kuthibitisha hivyo na wahusika huenda katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda huko hata bila hati hiyo.

Mjadala kuhusu marekebisho hayo ulihusu zaidi haki kuliko fedha. Wajumbe wa mabaraza ya kata hawakuwa wanasheria, na Mahakama Kuu ilibatilisha maamuzi yao mara nyingi, wakati mwingine kwa sababu tu kumbukumbu hazikuonyesha kuwa akidi ilitimia au kwamba wanawake watatu wanaotakiwa na sheria walikuwamo katika baraza. Lakini swali la nani atalipa lilistahili kuulizwa mapema, kwa kuwa kila ngazi ya kesi za ardhi ina mfuko wake.

Baraza la kata ni mzigo wa halmashauri. Sheria ya Mabaraza ya Kata ya mwaka 1985 inataka wajumbe wasiopungua wanne na wasiozidi wanane, pamoja na katibu. Posho zao hutegemea mapato ya ndani ya halmashauri, na wabunge wamelalamika bungeni kwa miaka mingi kwamba posho hizo hazilipwi au hucheleweshwa.

Baraza la wilaya, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2002, liliwekwa chini ya Wizara ya Ardhi, yaani lilitegemea fungu la Serikali Kuu. Chini ya sheria hiyo mwenyekiti wake aliteuliwa na Waziri na ilikuwa lazima awe mwanasheria, na alisikiliza kesi akiwa na wajumbe washauri wasiopungua wawili. Mahakama Kuu kwa upande wake huendeshwa kwa Mfuko wa Mahakama, ulioanzishwa na Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya mwaka 2011.

Hivyo kifungu kinachohamisha mamlaka kutoka ngazi moja hadi nyingine huhamisha pia madai ya fedha kutoka mfuko mmoja hadi mwingine, japokuwa chenyewe kwa kawaida hakitaji shilingi hata moja ya matumizi.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2016, Bunge lilipandisha kikomo cha thamani ya kesi za kudai umiliki wa ardhi zinazosikilizwa na mabaraza ya wilaya kutoka Sh50 milioni hadi Sh300 milioni. Kwa madai mengine ya ardhi kikomo kilipanda kutoka Sh40 milioni hadi Sh200 milioni. Lengo lilieleweka: kuipunguzia Mahakama Kuu kesi ambazo zilifika kwake kwa sababu tu ardhi ilikuwa imepanda bei.

Mabadiliko hayo mawili yakisomwa pamoja, yanaonyesha jambo ambalo kila moja peke yake halionyeshi. Mwaka 2016 baraza la wilaya lilipokea kesi kutoka juu, na mwaka 2021 likapokea nyingine kutoka chini. Mara zote mbili nafuu ilikwenda kwenye mifuko mingine na mzigo ukaangukia fungu lile lile la wizara.

Halmashauri nayo haikupata nafuu yote. Baraza la kata halikufutwa. Bado linahitaji wajumbe, katibu, chumba na karatasi, kwa kazi ambayo sasa haina neno la mwisho.

Kwa kata kama Wazo, inafaa kukiri kwamba mabadiliko ya mwaka 2021 yalichukua kidogo kuliko inavyodhaniwa. Baraza la kata halikuwa na mamlaka juu ya mgogoro wa ardhi yenye thamani inayozidi Sh3 milioni, kiwango kilichowekwa mwaka 2002. Viwanja vya Tegeta, Mivumoni na Salasala vilikipita kiwango hicho zamani, na kwa hiyo migogoro mingi ya umiliki ilipaswa kuanzia wilayani tangu wakati huo. Nao mgogoro mkubwa kuliko yote ya eneo hilo, ule wa wakazi wa Chasimba na kiwanda cha saruji cha Wazo, ulikwenda katika mahakama za juu.

Kilichobaki kwa baraza la kata ni migogoro midogo: njia iliyozibwa, ukuta uliosogezwa, kipande cha shamba la urithi. Hao ndio wadaawa walioguswa zaidi. Wasipopatana katika siku 30, wanalazimika kulipa ada ya kufungua shauri wilayani, nauli ya kila tarehe ya kutajwa kesi na, kwa kuwa huko mawakili wanaruhusiwa, gharama ya wakili kama mpinzani naye amemweka wakili. Gharama hizo hazionekani katika kitabu chochote cha bajeti.

Gharama nyingine hutokana na kesi kurudiwa. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mienendo ya mabaraza ya wilaya kwa sababu maoni ya wajumbe washauri hayakutolewa ipasavyo mbele ya wadaawa. Kesi iliyofutwa hivyo huanza upya, na Serikali hulipia tena vikao ilivyokwisha kuvilipia.

Viongozi wa Mahakama na wa Serikali wamezungumzia kwa miaka kadhaa hoja ya kuyaweka mabaraza ya wilaya chini ya Mahakama. Uhamisho huo nao unagusa mishahara ya wenyeviti, posho za washauri, pango la ofisi na mashauri ambayo hayajamalizika, yote yakitoka fungu la wizara kwenda Mfuko wa Mahakama.