Haya, soni, aibu na tahayari: maneno yasiyolingana

Neno la Kiingereza 'shy' huwatatiza wengi wanaolitafsiri kwa Kiswahili. Baadhi huliita haya, wengine soni, na wengine aibu. Katika visiwa vya Lamu, kosa la aina hiyo laweza kugeuza sifa kuwa tusi.

Haya ni neno lenye asili ya Kiarabu. Ni hisia inayomzuia mtu kusema au kutenda lisilofaa mbele ya wenzake. Mafundisho ya Kiislamu huihesabu kuwa sehemu ya imani. Ndiyo maana kumwambia Mwamu kwamba ana haya ni kumsifu, na kumwambia hana haya ni kumvunjia heshima. Mwana Kupona binti Msham wa kisiwani Pate, katika utendi aliomuusia bintiye Mwana Hashima mwaka 1858, aliitaja adabu mara tu baada ya dini. Haya ndiyo mlinzi wa adabu hiyo.

Soni ni neno la Kibantu. Wakikuyu husema thoni, Waganda ensonyi, na Wanyarwanda isoni. Mtoto anayejificha nyuma ya mamake mgeni abishapo hodi ameona soni.

Aibu, ambayo pia ni ya Kiarabu, kwa asili ni ila au kasoro. Methali yasema, aibu ya maiti aijua mwosha. Mwenye aibu ametenda, au ametendewa, jambo la kumshushia hadhi. Kwa hiyo mwalimu anayemwambia mwanafunzi mkimya kwamba 'ana aibu' huenda akamtwika lawama asiyostahili. Afadhali aseme anaona haya.

Kutahayari ni kufadhaika kwa ghafla, kama afanyavyo aliyemwita mgeni kwa jina la mtu mwingine.

Anayetafsiri basi na apime hivi: 'bashful' ni mwenye haya au soni, 'modest' ni mwenye staha, 'embarrassed' ni aliyetahayari, 'ashamed' ni anayeona aibu, na 'timid' ni mwoga. Huyu wa mwisho asichanganywe na mwenye haya, kwani mwoga huikimbia hatari, ilhali mwenye haya huweza kuwa shujaa na bado akainamisha macho mbele ya wazee.