Sindano za Kichina katika Upandikizaji wa Figo: Je, Zinalinda Kiungo, na Sheria Inasemaje?

 

Linatufikia swali ambalo kila familia inaliuliza kwa maneno yake, lakini kiini chake ni kimoja. Mgonjwa wa figo amepata ndugu wa kumpa figo, jamaa wanachangisha pesa za upasuaji, kisha anatokea mtu anayesema zipo sindano za Kichina zinazokinga figo isiharibike wakati wa kupandikizwa. Je, ni kweli? Na inajuzu kutumia?

Tiba yenyewe si ngeni visiwani. Madaktari wa Kichina wamehudumu Zanzibar tangu miaka ya 1960, Unguja na Pemba, na wengi wetu tunamjua mzee aliyechomwa sindano za kiuno au goti akapata nafuu. Lakini maumivu ya goti ni jambo moja, na figo iliyotolewa mwilini kwa mtu ikatiwa kwa mwingine ni jambo jingine kabisa.

Kwanza tufahamu kinachoharibu kiungo. Figo inapokatwa kwenye mishipa yake hukosa damu, na chembe zake huanza kufa njaa ya hewa. Ndiyo maana huoshwa kwa maji maalumu na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi kama 4, ili ipunguze mahitaji yake. Watu wengi hudhani hatari imekwisha pale mishipa inapounganishwa na damu kurudi. La. Damu inaporudi ghafla huleta madhara yake: hewa safi huzalisha kemikali kali ndani ya chembe zilizochoka, na askari wa kinga ya mwili hukimbilia pale na kuvimbisha nyama badala ya kuiponya. Figo iliyoumia hivi huweza kulala siku kadhaa bila kutoa mkojo, na mgonjwa akarudi kwenye mashine ya kusafisha damu ingawa tayari ana figo mpya.

Hapo ndipo watafiti walipoziingiza sindano. Wamewachoma panya kwenye nukta iliyo chini ya goti, ambayo Wachina huiita Zusanli, na kupitisha umeme mdogo kwenye sindano. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kuwa kwa panya wenye maambukizi makali ya damu, mchomo wa namna hiyo hupeleka habari kwenye neva kubwa iitwayo vagasi, na tezi zilizo juu ya figo zikatoa dopamini inayotuliza uvimbe. Mwaka 2021 kundi la Qiufu Ma wa Chuo Kikuu cha Harvard lilibainisha aina ya neva za mguuni zinazobeba habari hiyo. Kwa maneno mengine, kwa panya si ndoto wala mazingaombwe. Ni njia ya mwili inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua. Majaribio ya kuzuia damu kwenye figo, ini na moyo wa wanyama nayo yameonyesha kiungo kikiumia kidogo zaidi pale sindano inapotangulia.

Kwa binadamu ushahidi ni mwembamba. Nchini China, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata wagonjwa waliobadilishiwa vali za moyo. Waliochomwa sindano za umeme mkononi siku chache kabla ya upasuaji walionyesha dalili pungufu za kuumia kwa misuli ya moyo katika vipimo vya damu. Ni habari njema, ila hiyo ni vali, si kiungo kilichotoka kwa mtu mwingine. Kutoka hapo hadi kumwambia mama wa Chake Chake kuwa figo ya mwanawe "imekingwa" ni safari ndefu.

Na kuna jambo wauzaji wa matumaini hawalisemi. Kundi lile lile la Harvard lilionyesha mwaka 2020 kwamba umeme mkali kwenye nukta ya tumboni, ukitangulia ugonjwa, ulipunguza uvimbe kwa panya; ukija baada ya ugonjwa kuanza, uliuzidisha. Sindano ile ile, nukta ile ile, wakati tofauti. Basi kitu chenye nguvu ya kunufaisha kina nguvu ya kudhuru pia, na hakichezewi kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mtu.

Tuongeze kwamba tatizo hili huwa kubwa zaidi kwa kiungo cha aliyefariki, kinachokaa kwenye baridi saa nyingi. Kwetu Tanzania, upandikizaji ulioanza Muhimbili Novemba 2017 kwa kushirikiana na wataalamu wa India, na kufuatiwa na Dodoma mwaka 2018, umekuwa wa figo za ndugu walio hai, ambapo mtoaji na mpokeaji hupangwa pamoja na figo haikai nje kwa muda mrefu. Hivyo kinga inayouzwa ni ya tatizo ambalo mgonjwa wetu mara nyingi analo kwa kiasi kidogo.

Ama hukumu. Kupandikiza kiungo kutoka kwa aliye hai kulijadiliwa na Majma'ul-Fiqh ya Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, Jeddah, Februari 1988, ikapitisha kuwa inajuzu ikiwa uhai wa mtoaji hautegemei kiungo hicho na manufaa yanazidi madhara, na ikaharamisha kuuza kiungo. Wapo wanazuoni waliokataa, hasa wa Bara Hindi, na hatuwabezi, lakini wengi wa zama hizi wako na kauli ya kujuzu. Aya ya 32 ya Suratul-Maida, inayoukadiria uhai wa mtu mmoja kwa uhai wa watu wote, ndiyo mara nyingi huanziwa nayo.

Sindano nazo asili yake ni halali, kwani Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alituhimiza kutafuta dawa, kama ilivyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi kutoka kwa Usama bin Sharik. Maelezo ya Kichina kuhusu nguvu inayopita kwenye mikondo ya mwili hayakulazimu kuyaamini. Unachokubali ni sababu, na mponyaji ni Allah peke yake. Ikiwa mchomaji anaambatanisha sindano na maombi kwa mizimu au anadai kujua ghaibu, muondokee.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: inajuzu kama nyongeza, kwa idhini ya daktari mpasuaji anayejua kila dawa mgonjwa anayotumia. Haijuzu kuahirisha upasuaji au kusafisha damu kwa ajili yake. Na ikiwa sindano zitachomwa kwa ndugu anayetoa figo, idhini ni yake, si ya mgonjwa wala ya baba mkubwa. Amekwisha toa kiungo. Asiongezewe hatari asiyoelezwa.

Pesa zilizochangwa msikitini kwa upasuaji ni amana ya upasuaji. Tumesikia familia iliyotumia sehemu yake kwa tiba za pembeni kwa nia nzuri, kisha ikakwama na nauli. Nia nzuri haibadilishi sharti la waliochanga, waulizwe kwanza.

Kuhusu usalama, mkono wenye fistula ya kusafishia damu usichomwe sindano hizi kamwe. Mgonjwa wa mashine hupewa dawa ya kuzuia damu kuganda, hivyo hutoka damu kwa urahisi, na aliyepandikizwa hunywa dawa za kushusha kinga, hivyo kijidudu kidogo kwake ni kikubwa. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yenu, itupwe baada ya kutumika, maana homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita humo. Tunachokihofia zaidi kuliko sindano ni mizizi inayouzwa pamoja nazo. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliotumia mitishamba ya Kichina ya kupunguza unene waliharibika figo kwa sababu ya mmea wa jamii ya aristolokia. Mitishamba pia huweza kuvuruga kiwango cha dawa za kuzuia figo kukataliwa. Hata habbasauda, pamoja na fadhila zake, mtajie daktari.

Anayechoma bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara, kwa mujibu wa hadithi iliyomo katika Abu Daud, Nasai na Ibn Majah. Basi muulizeni alisomea wapi, bila haya.

Mwisho, yanayoulizwa sana. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, damu inayotoka kwa mchomo haitengui udhu; ioshwe tu. Ngozi ya mwanamume na mwanamke ajnabi zikigusana, udhu unatenguka, na akina mama watangulize tabibu mwanamke anapopatikana. Ama saumu, sindano hizi hazipeleki kitu tumboni wala si lishe, na wanazuoni wengi wa sasa wanaona hazifunguzi.

Na Allah Anajua zaidi.