Saratani ya shingo ya kizazi: Chanjo kwa msichana, uchunguzi kwa mwanamke

SARATANI ya shingo ya kizazi hushambulia sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, inayoungana na uke. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2022 wanawake wapatao 660,000 waligundulika kuwa na ugonjwa huo duniani, na 350,000 walipoteza maisha.

Karibu wagonjwa wote huupata kutokana na virusi vya papiloma, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Aina mbili za virusi hivyo, namba 16 na 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo.

Hata hivyo, si kila aliyeambukizwa huugua. Kwa wanawake vijana, mara nyingi mwili wenyewe huviondoa virusi ndani ya miaka miwili. Vinapong'ang'ania, chembechembe za shingo ya kizazi huanza kubadilika taratibu, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kuwa saratani. Kwa mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU bila kutumia dawa, muda huo hupungua hadi miaka 5 au 10.

Ndiyo sababu wasichana huchanjwa badala ya kupimwa. Chanjo huzuia maambukizi mapya lakini haitibu yaliyokwisha kuingia, hivyo hufaa zaidi kabla msichana hajaanza kujamiiana. Tanzania iliianzisha nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

WHO inashauri uchunguzi uanze katika umri wa miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na VVU. Katika vituo vingi hutumika siki: mhudumu huipaka kwenye shingo ya kizazi, na baada ya dakika moja hivi sehemu zilizobadilika huonekana nyeupe. Mabadiliko hayo huweza kutibiwa siku hiyohiyo, kabla hayajawa saratani.

Aliyechanjwa naye hana budi kupimwa umri ukifika, kwani chanjo haizuii aina zote za virusi hivyo.

Kutokwa damu baada ya kujamiiana, katikati ya hedhi au baada ya kukoma hedhi ni dalili isiyopaswa kupuuzwa. Mwenye dalili hizo afike hospitali mapema, bila kujali umri wake.