Kocha, Wachezaji na Mfuko wa Chuo: Mpira wa Kikapu katika Vyuo vya Kilutheri vya Marekani

Huenda msomaji akashangaa kukuta habari za mpira wa kikapu katika kitabu cha miaka mia moja ya usharika. Lakini mchezo huu ulizaliwa mikononi mwa Wakristo. James Naismith, aliyeubuni Desemba 1891 katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, alikuwa amesomea theolojia huko Montreal. Mwaka 1898 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Kansas kusimamia ibada na kufundisha mazoezi ya mwili. Ukocha ulikuwa nyongeza tu. Na tuseme kweli, huko Kansas mechi alizoshindwa ni nyingi kuliko alizoshinda.

Desturi ya mtumishi mmoja kubeba kazi kadhaa haijakoma katika vyuo vidogo. Kocha husafiri kutafuta wachezaji, huzungumza na wazazi kuhusu ada, na pengine hufundisha darasani au kusimamia ukumbi wa michezo. Wasaidizi wake mara nyingi ni vijana wenye malipo kidogo. Wainjilisti wetu wataitambua hali hiyo bila kuelezwa.

Mwaka 1973 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiligawanyika katika madaraja matatu. Vyuo vingi vya Kilutheri viko daraja la tatu, ambako mchezaji haruhusiwi kupewa ufadhili kwa sababu ya mchezo wake. Hupata msaada kwa uhitaji au kwa alama zake za masomo, kama wenzake wote. Wittenberg, chuo cha Kilutheri cha Ohio, kilitwaa ubingwa wa daraja hilo mwaka 1977.

Hapa ndipo hesabu inapowashangaza wageni. Mchezaji wa chuo kidogo halipwi. Yeye ndiye anayelipa. Tuchukue mfano wa kufikirika: wachezaji 20, kila mmoja akilipa dola 10,000 baada ya kupunguziwa ada, wanaingiza dola 200,000. Toa mshahara wa kocha, basi na waamuzi, na bado kunabaki kitu. Kwa hiyo kocha hupewa idadi ya wanafunzi wa kuleta, na orodha ya wachezaji hurefuka hata kuunda timu ya pili, ingawa uwanjani wanaingia watano tu. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ina kasoro: wapo ambao wangekuja chuoni hata bila mpira, na kila anayekuja anahitaji mwalimu, chakula na kitanda.

Chuo cha Finlandia, mjini Hancock, Michigan, kilijaribu njia hiyo. Wahamiaji Walutheri kutoka Ufini walikianzisha mwaka 1896 kwa jina la Suomi, katika nchi ya migodi ya shaba. Kilikuwa na timu za daraja la tatu, na wanamichezo walikuwa sehemu kubwa ya wanafunzi wake. Hata hivyo idadi ya wanafunzi ilipungua na madeni yakazidi. Machi 2023 uongozi ulitangaza kwamba hautapokea wanafunzi wapya. Timu zikavunjwa, na vijana wakaelekezwa vyuo vingine wakamalizie masomo. Nyaraka za wahamiaji zilizotunzwa chuoni ziliokolewa mwaka huohuo, baada ya taasisi ya Wamarekani wenye asili ya Ufini kulichukua jengo lililozihifadhi.