Neno «Inka»: Mfalme au Taifa?

Mara nyingi twasoma vitabuni kwamba Wainka walishindwa na Wahispania wachache. Tuliangalie vizuri neno hili, kwa maana jina lisilowekwa mahali pake lapotosha historia.

Katika lugha ya Kiquechua, Inka maana yake ni mfalme, tena mtu wa ukoo wa kifalme wa Cuzco. Mfalme mkuu aliitwa Sapa Inka, yaani Inka wa pekee. Inchi yenyewe iliitwa Tawantinsuyu: sehemu nne zilizounganika. Garcilaso de la Vega, ambaye baba yake alikuwa Mhispania na mama yake wa ukoo ule, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1609. Lakini Wahispania waliwapa raia wote jina la mabwana wao. Ni sawasawa na kusema kila mtu wa Bushi ni mwami.

Kosa hili si dogo. Pizarro alipomkamata Atahualpa huko Cajamarca mwaka 1532, alikuwa na watu 168 tu. Lakini baadaye Wawanka na Wakañari, mataifa yaliyotawaliwa na Inka, waliwasaidia Wahispania vitani. Tukiwaita wote Wainka, hatufahamu tena nani alipigana na nani, wala kwa sababu gani.

Basi, ndugu, kabla ya kuandika au kufundisha habari za taifa lo lote, tuulize kwanza: wao wenyewe hujiitaje?