Kinachoamua Bei ya Injini Kuukuu ya Garimoshi la Mvuke

INJINI ya garimoshi la mvuke ikishastaafu huwa na bei mbili. Ya kwanza ni ya mnunuzi wa vyuma chakavu, ambaye huipima kwa tani. Ya pili ni ya mtu anayetamani kuiona ikifuka moshi tena, na pengo lililo baina ya bei hizo limewahi kuwafilisi matajiri.

Mfano ulio bayana ni Flying Scotsman, injini iliyoundwa mjini Doncaster, Uingereza, mwaka wa 1923. Mnamo 1934 ilikuwa ya kwanza nchini humo kuthibitishwa rasmi kufikisha mwendo wa maili 100 kwa saa, sawa na kilomita 161.

Shirika la reli lilipoamua kuiondoa kazini mwaka wa 1963, mfanyabiashara Alan Pegler aliinunua kwa pauni 3,000. Aliipeleka Marekani mnamo 1969 na miaka mitatu baadaye akafilisika, injini ikakwama huko ugenini. William McAlpine aliikomboa mwaka wa 1973 kwa pauni 25,000. Mnamo 1996 Tony Marchington aliilipia pauni milioni 1.5, naye pia akaishia kufilisika. Mwaka wa 2004, Makavazi ya Kitaifa ya Reli ya Uingereza yaliinunua kwa pauni milioni 2.3, sehemu ya fedha hizo ikiwa michango ya umma.

Katika muda huo wote, chuma hakikuongezeka hata ratili moja ya maana. Tena si chuma kile kile cha 1923, kwa kuwa hata boila yake imebadilishwa mara kadhaa. Kilichopanda bei ni jina, rekodi, na ukweli kwamba ndiyo pekee iliyosalia katika aina yake, A3.

BOILA NDIYO ROHO

Hata hivyo, jina halichemshi maji. Baada ya kuinunua Flying Scotsman, makavazi hayo yalilazimika kugharamia ukarabati uliokamilika mwaka wa 2016 kwa takriban pauni milioni 4.2. Kuitengeneza kuligharimu karibu mara mbili ya kuinunua.

Ndiyo maana mnunuzi mwerevu huanza kwa kuuliza hali ya boila, yaani lile tangi kubwa la chuma ambamo maji hugeuzwa kuwa mvuke. Kuta zake huliwa na kutu, mabomba yake huchakaa, na tanuri lake, ambalo katika injini nyingi za Uingereza ni la shaba, hupasuka kwa joto na baridi. Boila mbovu yenye shinikizo ni bomu.

Kwa sababu hiyo, nchini Uingereza ni desturi boila kufunguliwa na kukaguliwa upya kila baada ya miaka kumi hivi. Marekani nako, sheria hudai ukaguzi kamili baada ya siku 1,472 za kazi au miaka 15, kutegemea kitakachotangulia.

Injini iliyotoka karakana juzi, ikiwa na miaka tisa mbele yake, huuzwa ghali. Pacha wake aliyebakiza miezi sita hushuka bei vibaya, hata kama rangi yake inang'aa, kwani atakayeinunua anajua amenunua pia bili ya karakana. Aidha, zipo injini zilizofunikwa kwa asbesto, na kuiondoa sumu hiyo ni gharama nyingine.

Wingi nao huamua. Katika uwanja wa vyuma chakavu wa Barry, kusini mwa Wales, injini 213 kati ya 297 zilizokuwa zikingoja kukatwakatwa ziliokolewa. Nyingi zilinunuliwa na vikundi vya wapenzi wa reli kwa bei ya chuma, vikachangishana miaka na mikaka ili kuzifufua. Injini ambayo pacha wake kadhaa wangali wanakimbia haiwezi kudai bei ya ile iliyobaki peke yake.

UHABA BILA RELI

Lakini uhaba pekee hautoshi, na ushahidi upo hapa Nairobi. Katika Makavazi ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka wa 1971, zimesimama Mount Gelai na Mount Shengena. Ndizo mbili tu zilizosalia kati ya injini 34 za aina ya 59 zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock, Manchester, mnamo 1955 na 1956, na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ina uzito wa tani 252 hivi, na hakuna injini za mvuke zilizozishinda nguvu katika reli ya upana wa mita moja.

Upana huo ndio kikwazo. Reli kuu za Uingereza zina upana wa milimita 1,435, hivyo Mount Gelai haiwezi kukimbia hata katika nchi ilikoundwa. Tajiri wa huko angelazimika kulipia meli na korongo la kuibeba, kisha aiegeshe kama sanamu. Injini ndogo ya bandarini, inayoweza kuvuta mabehewa mawili ya watalii kwa makaa machache, hupata wateja upesi zaidi.

Kwa injini za namna ya Mount Gelai, thamani iliyo kubwa hubaki pale zilipofanya kazi, ambapo wapo wazee waliozipanda kutoka Mombasa na reli ya upana wake ingalipo.